Ile orodha ya nchi zenye furaha haipimi vicheko

Kila mwaka, inapokaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Kimataifa ya Furaha, hutoka Ripoti ya Furaha Duniani, na kila mwaka mabishano huwa ni yaleyale. Machi 2025 Finland ilishika nafasi ya kwanza kwa mara ya nane mfululizo, Afghanistan ikawa ya mwisho, na Marekani ikateremka hadi nafasi ya 24, chini kuliko wakati wowote tangu ripoti hizi zianze mwaka 2012. Haikuchukua muda watu wakagawanyika kambi mbili. Wa kwanza walidhihaki: iweje nchi ya baridi kali, yenye miezi ya kiza na watu wasio na maneno mengi, iitwe yenye furaha kuliko zote? Wa pili walisema hakuna cha kushangaza hapo, furaha ni pesa, mwenye nacho anacheka na asiye nacho analia. Wote wameisoma orodha hiyo kama kipimo cha vicheko. Haipimi vicheko, na kutolijua hilo kunawafanya watu wengi waitafute furaha mahali isipokaa.

Hoja yangu ni kwamba tunachokiita furaha ni mambo yasiyopungua mawili. Moja ni hukumu: mtu huyatazama maisha yake kwa jumla, akayalinganisha na yale aliyoyatarajia, kisha akasema yanakwendaje. La pili ni hisia: namna anavyojisikia leo asubuhi, mchana akiwa kazini, jioni akiwa na wenzake. Mara nyingi mambo haya huandamana, lakini yanasukumwa na nguvu tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kuridhika na maisha yake huku siku zake zikiwa nzito, na mwingine akawa mchangamfu kutwa nzima huku akijua wazi kwamba maisha yake yamekwama. Na lipo jingine linalopotea katika kelele za kila Machi: kwa hukumu na kwa hisia pia, faida kubwa haitoki katika kurundika raha juu ya raha. Inatoka katika kuondoa mateso machache ambayo tunayajua kwa majina, na katika kuwa na watu.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana wengi wanaoibishania orodha hawajawahi kuliona swali lake. Ni swali moja tu. Mhojiwa anaambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Kidato cha juu kabisa ni maisha bora kuliko yote ambayo yeye angeweza kuwa nayo, cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Sasa hivi anajiona amesimama kidato cha ngapi? Ngazi hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1965, na siku hizi kampuni ya Gallup huwauliza swali hilo watu wapatao 1,000 kwa mwaka katika kila nchi, katika nchi zaidi ya 140. Wastani wa majibu ya miaka mitatu ndio unaozipanga nchi. Katika ripoti ya 2025 Finland ilipata takriban 7.7, Afghanistan takriban 1.4. Yale mambo sita yanayotajwa kila mara kwenye habari, yaani pato la taifa kwa kila mtu, kuwa na mtu wa kumtegemea wakati wa shida, miaka ya kuishi ukiwa na afya, uhuru wa kuamua maisha yako, ukarimu na rushwa, hayaingii kabisa katika kuhesabu alama. Watafiti huyatumia baadaye kueleza kwa nini nchi moja imeipita nyingine. Kwa hiyo ile tuhuma kwamba kuna wataalamu walioketi ofisini wakaamua kuwa hospitali nzuri na barabara za lami ndiyo furaha haina msingi. Alama zimetoka vinywani mwa watu wenyewe.

Lakini tazama walichoulizwa. Hakuna neno kuhusu kucheka, kuimba wala kuchangamka. Ni hukumu juu ya maisha, na hukumu hiyo hupanda pale mtu anapojua kwamba akiugua atatibiwa, akifukuzwa kazi hatalala njaa, na akienda ofisi ya umma hatadaiwa chochote chini ya meza. Gallup hiyohiyo huwauliza watu maswali mengine kuhusu siku iliyotangulia: jana ulicheka au kutabasamu sana? Ulipumzika vya kutosha? Uliheshimiwa? Kwa maswali hayo picha hubadilika, na kwa miaka mingi nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, Paraguay ikiwa mfano mmojawapo, zimekuwa zikiongoza na kuzipita nchi tajiri za Ulaya ya Kaskazini. Kwa hiyo wanaoidhihaki Finland wana haki kuhoji jina la ripoti, kwa sababu neno furaha hapo limebeba zaidi ya uwezo wake. Hawana haki ya kusema watu wa Finland wamedanganya. Wameulizwa kama maisha yao ni mazuri, wakajibu kwamba ni mazuri.

Historia ya Finland yenyewe inafundisha zaidi kuliko nafasi yake kwenye orodha, na ningependa izungumzwe kwa kirefu zaidi kuliko inavyozungumzwa. Mwaka 1990 nchi hiyo ilikuwa na kiwango cha watu kujiua cha takriban 30 kwa kila watu 100,000, miongoni mwa viwango vikubwa kabisa duniani. Serikali haikuwaambia wananchi wabadili mtazamo. Mpango wa taifa wa kuzuia kujiua ulikuwa umeanzishwa mwaka 1986, na watafiti walichunguza kila kifo cha namna hiyo kilichotokea nchini kote kwa mwaka mzima, wakazungumza na ndugu wa marehemu, wakapitia mafaili ya hospitali. Waligundua kwamba wengi walikuwa wakiugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au wamezama katika ulevi, na kwamba wagonjwa wengi wa sonona hawakuwa wamepata matibabu ya maana. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kawaida kabisa: kuwafundisha madaktari na wauguzi kuitambua sonona mapema, kuwafikia walio hatarini, kuimarisha tiba. Kiwango hicho kimeshuka kwa zaidi ya nusu tangu wakati ule. Nchi iliyokuja kushika nafasi ya kwanza mwaka 2018 na kuendelea kuishikilia ilipita kwanza kwenye mlango huo, wa kuyatazama mateso ya watu wake bila kuyaficha na kuyashughulikia moja baada ya jingine.

Kuhusu pesa, utafiti umekwenda mbele kuliko mabishano. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, wote wawili washindi wa Nobeli ya uchumi kwa nyakati tofauti, walichambua majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani. Walikuta kwamba hukumu juu ya maisha iliendelea kupanda kadiri pato lilivyopanda, lakini hisia za kila siku ziliacha kupanda karibu na dola 75,000 kwa mwaka. Dunia ikaikariri tarakimu hiyo. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth, aliyekuwa akiwauliza watu kupitia simu zao wanajisikiaje saa hiyohiyo, akiwa na majibu zaidi ya milioni 1.7, hakuona kikomo chochote. Hisia ziliendelea kupanda pamoja na pato. Kilichofuata ni jambo la kupigiwa mfano katika sayansi. Badala ya kurushiana makala, Kahneman na Killingsworth waliketi pamoja, mwanasaikolojia Barbara Mellers akiwa msuluhishi, na mwaka 2023 wakachapisha jibu. Kikomo kipo, ila ni kwa takriban sehemu ya tano ya watu, wale wenye huzuni kuliko wenzao. Kwao pato linapopanda huzuni hupungua, hadi karibu dola 100,000, kisha inagoma. Kwa wengine wote hisia zinaendelea kupanda. Maana yake inagusa moyo: pesa huondoa aina fulani ya mateso, yale ya deni, ya kodi ya nyumba, ya mtoto mgonjwa asiye na dawa. Yakishaondoka hayo, yanabaki ya kufiwa, ya kuvunjika moyo, ya sonona, na hayo hayasikii lugha ya pesa.

Wapo wanaokumbusha ule utafiti wa washindi wa bahati nasibu. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwalinganisha washindi 22, majirani 22 ambao hawakushinda, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi hawakuonekana kuwazidi majirani zao kwa kiasi cha maana. Tangu hapo imeenea hadithi kwamba binadamu huzoea kila kitu, kwamba aliyeshinda mamilioni na aliyepooza hurudi palepale walipokuwa. Utafiti wenyewe hausemi hivyo. Waliopooza walijipa alama za chini waziwazi kuliko majirani, na watu 22 ni wachache mno kubebeshwa fundisho zito kiasi hicho. Mwaka 2020 wanauchumi watatu, Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini, walichapisha matokeo ya zaidi ya washindi 3,000 nchini Sweden, waliohojiwa kati ya miaka 5 na 22 baada ya kushinda. Walioshinda fedha nyingi walikuwa wameridhika zaidi na maisha, na ridhaa hiyo haikufifia hata baada ya zaidi ya muongo mmoja. Katika hisia za furaha na afya ya akili, tofauti ilikuwa ndogo zaidi. Mgawanyiko niliouanza nao unaonekana hapo bila kulazimishwa: pesa iliisukuma hukumu sana, hisia kidogo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu inatoka kwa wanasayansi wa urithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za furaha kati ya mtu na mtu inahusiana na vinasaba. Mwaka 1996 David Lykken na Auke Tellegen waliandika kwamba huenda kujaribu kuwa na furaha zaidi ni kazi bure sawa na kujaribu kuwa mrefu zaidi. Hoja hii inastahili heshima. Kweli tunazaliwa tofauti, na mtu mwenye asili ya wasiwasi hatakiwi kujilaumu kwa kutokuwa kama dada yake anayecheka tangu alfajiri. Lakini mfano wa urefu unawageuka walioutoa. Urefu unarithiwa kuliko karibu tabia nyingine yoyote ya mwili, na hata hivyo wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 20 ni warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Vinasaba havikubadilika katika miaka mia moja. Kilichobadilika ni chakula, maji safi na magonjwa ya utotoni. Kurithi kunaeleza kwa nini mimi na wewe tunatofautiana tukiwa katika mazingira yaleyale; hakusemi lolote kuhusu sote kupanda mazingira yakibadilika. Kwa sababu hiyohiyo ile hesabu inayopendwa na wauza semina, kwamba asilimia 50 ya furaha ni kuzaliwa, 10 ni hali ya maisha na 40 iko mikononi mwako, haiwezi kutumiwa kwa mtu mmoja mmoja. Ilitolewa mwaka 2005 kama makadirio, na wenye makadirio hayo baadaye walikubali kwamba 40 huenda ilikuwa kubwa mno.

Wapo pia wanaosema furaha haipimiki. Kuna ukweli katika lawama yao. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na August Nilsson waliwauliza watu wazima zaidi ya 1,500 nchini Uingereza wanawaza nini wanapoisikia ile ngazi ya Cantril, wakakuta kwamba picha ya ngazi inawafanya watu wafikirie zaidi mali na cheo. Ngazi ilipoondolewa kwenye swali, watu wakawaza zaidi mambo kama afya na familia. Hilo ni dosari ya kweli na waandaaji wa ripoti wangefanya vyema kulitazama. Pamoja na hayo, kipimo chenye dosari hakikosi maana. Majibu ya watu huporomoka wanapofukuzwa kazi, hushuka wanapofiwa na mwenza, hutikisika vita vinapoingia, na hufanya hivyo kwa mpangilio unaojirudia nchi baada ya nchi. Anayesema haya ni makelele matupu ana wajibu wa kueleza mpangilio huo umetoka wapi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kuliko zote: furaha ni uamuzi, amka asubuhi uichague. Inavutia kwa sababu haina gharama, na kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mtu aliyepita katika shida nzito akabaki na tabasamu. Lakini mtu mmoja wa ajabu si ushahidi kuhusu watu wote. Mwaka 2004 Richard Lucas na wenzake walichapisha uchambuzi wa zaidi ya watu 24,000 waliofuatiliwa nchini Ujerumani kwa miaka 15. Waliopoteza kazi walishuka sana katika kuridhika na maisha, na hata walipopata kazi nyingine, kwa wastani hawakurudi kabisa pale walipokuwa. Rafiki yangu mmoja aliyepunguzwa kazini aliniambia kilichomuumiza zaidi hakikuwa mshahara, ilikuwa kwamba hakuna tena mtu aliyemsubiri mahali popote saa mbili asubuhi. Kumwambia mtu huyo achague furaha ni kumwongezea mzigo wa pili: sasa hana kazi, na kuhuzunika kwake pia ni kosa lake. Na hata kwa asiye na tatizo kubwa ushauri huo unadhuru. Mwaka 2011 Iris Mauss na wenzake walionyesha kwamba watu waliochochewa kuithamini sana furaha walijisikia vibaya zaidi walipokuwa katika hali nzuri, kwa kuwa walikuwa wakijipima na kujikuta wamepungukiwa. Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill alilijua hilo kabla ya maabara yoyote. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 20, alijiuliza kama angefurahi iwapo mageuzi yote aliyoyapigania yangetimia, nafsi yake ikamjibu hapana, akaanguka katika huzuni ya miezi. Alitoka humo akiamini kwamba furaha huja kwa wanaoelekeza macho yao kwenye kitu kingine.

Nisisahau dai jingine ambalo ni pacha wa hili, kwamba maskini ndio wenye furaha ya kweli. Takwimu hazilikubali. Ndani ya kila nchi na kati ya nchi na nchi, wenye pato dogo hujiweka vidato vya chini, na nyongeza ileile ya fedha humwinua mwenye kidogo kuliko inavyomwinua tajiri. Wanaolisema dai hili mara nyingi wameona uchangamfu wa watu wanaoishi karibu karibu, wakaudhani umetokana na umaskini. Umetokana na ukaribu.

Na ukaribu ndio ninaotaka kukaa nao, maana hapa ndipo ushahidi kuhusu hisia za kila siku unapokuwa mzito. Mwaka 2004 Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wenye kazi huko Texas waisimulie siku iliyopita kipande kwa kipande na kusema walijisikiaje katika kila kipande. Saa za kuwa na marafiki baada ya kazi zilikuwa miongoni mwa bora kabisa. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa chini kabisa. Miaka kumi baadaye Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwafuata abiria wa treni Chicago, wakawaomba baadhi yao wazungumze na mgeni aliyekaa karibu, wengine wakae kimya peke yao. Walioombwa kuzungumza ndio waliofurahia safari zaidi. La kushangaza ni kwamba abiria wengine walipoulizwa kubashiri, walitabiri kinyume chake. Yaani saa ileile mbaya kuliko zote katika siku ilikuwa na dawa iliyoketi kiti cha pembeni, na karibu kila mmoja aliamini dawa hiyo ni sumu.

Tunakosea hivyohivyo kuhusu uaminifu wa wenzetu. Mwaka 2019 watafiti waliokuwa wameacha pochi zaidi ya 17,000 zionekane kama zimepotea, katika nchi 40, walitangaza kwamba karibu kila mahali pochi zenye pesa zilirudishwa mara nyingi kuliko zisizo na pesa. Ripoti ya 2025 iliongeza kwamba kwa jumla pochi hurudishwa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya kile watu wanachodhani, na kwamba kuamini pochi yako itarudishwa kunakwenda pamoja na kuridhika na maisha. Hapo ndipo ninapoona fumbo la Marekani. Ni taifa tajiri, na pato lake halijaporomoka, lakini katika mwaka 2023 takriban Mmarekani mmoja kati ya wanne alisema alikula milo yake yote ya jana akiwa peke yake, ongezeko la asilimia 53 tangu 2003. Duniani kote, vijana wapatao asilimia 19 walisema mwaka huohuo kwamba hawana hata mtu mmoja wa kumtegemea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na swali hilo la kuwa na wa kukufaa kwa dhiki ni miongoni mwa yale yanayoeleza vyema zaidi kwa nini mtu mmoja yuko kidato cha 7 na mwingine cha 4. Costa Rica na Mexico, ambazo ziliingia kumi bora kwa mara ya kwanza mwaka 2025, ni nchi zenye kaya kubwa na undugu ulioshikamana, na hazikaribii utajiri wa Marekani.

Nini cha kufanya basi? Kwa mtu mmoja mmoja, ningeanza kwa kuuliza ni kipi kati ya viwili kinachouma. Kama ni hukumu, kama ukitazama maisha yako unaona yamekwama, hakuna zoezi la kupumua wala daftari la shukrani litakalotosha, na usijilaumu kwa kutotosheka nalo. Tatizo lina jina: deni, kazi inayokudhalilisha, maradhi yasiyotibiwa, ndoa yenye mapigo. Nguvu ziende huko, hata kama hatua ni ndogo na inachosha. Kama ni hisia, kama maisha yako kwa haki ni mazuri lakini siku hazina ladha, angalia kwanza usingizi, kisha hesabu saa za wiki ambazo uko na watu unaowapenda bila simu kati yenu. Wengi wakizihesabu hushtuka. Unapompigia mtu usiyeongea naye muda mrefu, kumbuka abiria wa Chicago: ile sauti inayokuambia utamsumbua imethibitika kukosea. Na kama huzuni imekaa wiki baada ya wiki, imekuondolea hamu ya chakula, ya kazi, ya watu, hiyo imevuka mpaka wa ushauri wa magazetini. Ni ugonjwa, una tiba, na anayeutafutia tiba amefanya jambo la maana kwa furaha yake kuliko lolote nililoliandika hapa.

Upande wa serikali ndio mgumu zaidi, kwa sababu huko furaha imezoeleka kuwa pambo la hotuba. Wazo la kuipa uzito lilifika Umoja wa Mataifa kwa hoja ya Bhutan, ikapitishwa na Baraza Kuu Julai 2011, na tangu hapo nchi nyingi zimeunda kamati na vigezo. Ninaamini kipimo cha nia ni chepesi kuliko vigezo hivyo vyote. Je, mtu akipoteza kazi anasaidiwa kurudi kazini haraka, au anaachwa mpaka jeraha likomae? Je, akiumwa akili anatibiwa? Mwaka 2008 Uingereza ilianzisha huduma ya tiba ya mazungumzo kwa wenye sonona na wasiwasi, kwa msukumo mkubwa wa mwanauchumi Richard Layard, ambaye hoja yake ilikuwa kwamba mgonjwa anayepona hurudi kazini na gharama hujirudisha. Siku hizi zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka huanza tiba hiyo nchini England, na takriban nusu ya wanaomaliza hupona. Kwingineko hali ni nyingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, serikali duniani kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya afya ya akili. Mgombea yeyote anayeahidi kuwaletea wananchi maisha ya furaha aulizwe hadharani asilimia hiyo ni ngapi katika nchi yake, na ataifikisha wapi kabla ya kipindi chake kwisha.